Bi Mkunga na Mpira wa Mnazi Mmoja

Bi Mkunga hakupenda mpira. Alisema hivyo kila siku ya mechi, na alisema akiwa keshasimama chini ya miti ya mivinje ya Mnazi Mmoja, mwavuli mkononi, tambuu mdomoni, kabla hata timu hazijaingia uwanjani.

"Mpira wenyewe hauna maana," angesema. "Watu wazima wanagombania kitu kimoja, na mtu akishakipata anakipiga teke kiende zake. Mie nnawatazama watoto wangu tu."

Hao watoto wake hakuwazaa yeye. Aliwapokea. Katika mitaa ya Mkunazini na Mchangani, na ng'ambo ya pili mpaka Kisiwandui na Kikwajuni, kulikuwa na nyumba chache ambazo hakuwahi kuitwa na kibeti chake cheusi cha vifaa vya ukunga. Yeye mwenyewe alizaliwa wapi na wazee wake walikuwa nani, sikupata kumuuliza, wala sijui aliyewahi kumuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akijua habari za kuzaliwa kwetu, na ilitosha.

Mimi niliingia katika nyumba yake nikiwa bibi harusi, miaka ya hamsini na kitu, nimetoka Makunduchi, nimeolewa na karani wa forodhani aitwaye Salum. Sisi tulikaa juu, Bi Mkunga alikaa chini. Tulichangia ua na bomba la maji. Alikuwa akiniita "bi harusi", na aliendelea kuniita hivyo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa kuwa sikuwa nimepata mtoto, naye hakutaka kuniita jina la kunitonesha. Ni yeye aliyenichukua Mnazi Mmoja kwa mara ya kwanza. Salum alikuwa hakosi mechi, lakini alikwenda na wanaume wenzake upande wa baharini. Bi Mkunga alinigongea mlango baada ya sala ya alasiri akasema, "Vaa buibui lako twende. Ukikaa ndani peke yako utaanza kuzungumza na sufuria."

Wanawake tulisimama chini ya ile mivinje, karibu na barabara. Hapo ndipo nilipojua kwamba Bi Mkunga aliwajua wachezaji kwa namna ambayo mtu mwengine hakuweza. Kulikuwa na winga wa timu ya mtaa wetu, kijana mwembamba, akishika mpira hakamatiki. Bi Mkunga alikuwa akisema, "Huyo alikuja kwa miguu. Mama yake nusura atufie. Tokea siku ile alikuwa ashatanguliza miguu, anataka kukimbia." Na kipa wa timu ya bandarini, ambaye alikuwa hodari kuliko wote kisiwani, yeye alizaliwa mkono uko kando ya kichwa. "Kichwa na mkono pamoja," Bi Mkunga alituambia, na akainua mkono wake kutuonyesha. "Ndiyo maana hafungiki."

Mchezaji akikosa goli la wazi, ule upole wote ambao wanawake waliujua chumbani kwao ulimtoka. Alifunga mwavuli akaupigapiga chini. "We Haji," alisema kwa sauti ya kufika katikati ya uwanja, "nilikutoa mie weye, usinitie aibu mbele za watu." Haji wa watu, mwanamume mwenye ndevu, aliinamisha kichwa akarudi nyuma kukaba.

Alikuwa akiwakemea wanaokwenda kwa waganga kabla ya mechi. Mama mmoja alimwomba amuelekeze kwa mtu wa kumwandikia mwanawe kombe la kunywa, aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Bi Mkunga akamjibu kwamba mwanawe anahitaji kuacha sigara, na kombe hilo anaweza kuliandika mwenyewe nyumbani. Lakini yeye mwenyewe hakukanyaga majani ya Mnazi Mmoja kwa mguu wa kushoto kwanza, katu. Tukifika ukingoni alisimama, akaipanga miguu, akaingia kwa wa kulia. Nilipomuuliza alisema goti linamuuma. Na mpira wenyewe aliuogopa. Siku moja ulitoka nje ukaviringika hadi miguuni pake, wachezaji wakasimama wakimngojea aurudishe. Alirudi nyuma hatua mbili akamwambia mshika kibendera, "Baba, mwondoshe huyu." Watu walicheka mpaka refa naye akacheka.

Penalti hakuitazama. Ikitolewa penalti, aliligeuzia goli mgongo, akawatazama watazamaji. Alisema anaona vizuri zaidi usoni mwa watu. Nilijaribu siku moja kufanya kama yeye, nikauona mstari mzima wa watu umefunga midomo, wakubwa na wadogo, mabwana wenye majoho na wachukuzi wenye magunia begani, wote wana uso mmoja. Halafu nusu yao wakafungua mikono, na nusu wakaiweka vichwani. Nikajua mpira umeingia, na nikajua umeingia kwa nani.

Timu yake ilikuwa ipi, hakusema. "Wote wangu," ndilo lililokuwa jibu lake. Lakini tulioishi naye tulijua, maana siku timu ya mtaa wetu ikifungwa hakuwasha moto. Alikula mkate mkavu na chai, akalala.

Mahasimu wakubwa wa mtaa wetu walikuwa timu ya bandarini, na kiongozi wa mashabiki wao alikuwa mchukuzi mmoja mrefu, wazee wake walitoka bara, ambaye alikuja uwanjani na pipa tupu la mafuta na vijiti viwili. Mji mzima ulimwita Mpiga Pipa. Timu yake ikifunga goli, alilipiga lile pipa mpaka kunguru wakaruka mivinjeni, kisha akageuka upande wetu, akamtafuta Bi Mkunga kwa macho, akainama kama anayeamkia. Bi Mkunga alimtishia kwa mwavuli. Ilikuwa hivyo miaka yote. Binti zake watatu Mpiga Pipa walipokewa na Bi Mkunga, na yule wa mwisho alipewa jina halisi la mkunga wake.

Sasa, katika mambo yote yake, lililomfanya ajulikane hata na watu wasiokuwa na haja ya mkunga ni karamu yake ya vunja jungu. Mwisho wa Shaabani, watu wanapokula na kufurahi kabla ya kuanza kufunga, wengine walikwenda mashamba, wengine pwani. Bi Mkunga alipika uani. Mipira ilikuwa imesimama kwa ajili ya Ramadhani, na yeye aliwaalika mashabiki, wa kwetu na wa bandarini, wanaume wakakaa barazani na ukumbini, sisi wanawake uani, na mlango wa kati ukaachwa wazi tusikilizane. Kila mtu aliyekula alitakiwa aseme jambo moja alilolishuhudia Mnazi Mmoja mwaka ule ambalo hatalisahau. Sharti lilikuwa moja: usitaje nani alishinda.

"Hayo ya mangapi kwa mangapi yako gazetini," alisema. "Nipeni yale ambayo hayakuandikwa."

Basi watu walileta. Kinyozi wa Mchangani alieleza siku ya mvua za vuli, uwanja umejaa maji, mpira ukaelea mbele ya goli, na kipa na mshambuliaji wote wawili wakasimama kuutazama, kila mmoja anamngojea mwenzake alowe kwanza. Bibi mmoja jirani yetu alieleza juu ya beki aliyenunuliwa viatu vya mpira na tajiri wake. Alivivaa vikamshinda, akavivua, akavifunga kamba akavitundika shingoni, akacheza peku mechi nzima vikimgonga kifuani, maana aliona haya kuviweka chini na tajiri anamtazama. Watu walicheka, wakaongeza, wakabishana. Mtu aliyeanza kusema "siku ile tuliyowafunga" alipigiwa kelele na wote, wa kwetu na wa kwao, akaanza upya.

Mwaka wangu wa nne katika nyumba ile nilishika mimba, na mwaka ule ule timu ya mtaa wetu ilifika fainali ya kikombe. Haikuwahi kufika huko kabla. Wangepambana na timu ya bandarini. Bi Mkunga alijifanya hana habari, lakini nilimwona akilifua buibui lake zuri na kulianika siku mbili kabla.

Asubuhi ya fainali uchungu ukanishika.

Salum alisimama ngazini hajui aende wapi. Bi Mkunga alipanda, akanipapasa tumbo, akamwambia, "Wewe nenda mpirani. Hapa huna kazi utakayoifanya."

"Na wewe, Bi Mkunga?"

"Mie nina mtoto hapa."

Hakulitaja tena. Aliniletea maji, akanisugua kiuno kwa mafuta ya nazi, akanitembeza chumbani. Adhuhuri ikapita, na alasiri ikapita. Mtoto hakutaka kushuka. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na kelele za Mnazi Mmoja zilitufikia dirishani kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo. Kila kelele zilipopanda, niliiona mikono yake inasita kidogo, halafu inaendelea.

Ikafika wakati nikaishiwa nguvu. Nilimwambia siwezi, na nilikuwa nasema kweli. Nilimwona usoni kwamba ameanza kuogopa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hapo kelele zikaja, kubwa kuliko zote, zikajaa chumba.

"Letu hilo," Bi Mkunga akasema. "Umesikia? Wamefunga wetu. Sukuma nao, mwanangu, sukuma wakiwa bado wanapiga kelele."

Chini ya zile kelele nililisikia pipa. Nilijua goli si letu, naye alijua kwamba nimejua. Nikasukuma. Pipa likapigwa, likapigwa, kisha ghafla likanyamaza, na katika ule ukimya mwanangu akalia. Mtoto wa kike. Bi Mkunga alimfuta uso, akamweka kifuani pangu, akakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akikaa kabla kazi haijakwisha.

Baadaye kidogo, nikiwa kitandani nusu macho nusu usingizi, nilisikia hodi mlango wa chini na sauti ya mwanamume, kisha sauti ya Bi Mkunga. Nilidhani ni Salum. Lakini Salum alikuja jua limekaribia kuchwa, uso umemshuka kwa kufungwa, na aliposikia kilio cha mtoto hakujua uso wake auweke vipi.

Miezi iliyofuata siasa zikapamba moto. Waliokuwako watakumbuka ilivyokuwa. Watu waliacha kununua duka hili kwa sababu ya chama cha mwenye duka, waliacha kupanda gari lile kwa sababu ya chama cha dereva. Walikuwako waliokataa kuzikana. Mpira nao ukaingiwa. Timu ya mtaa wetu ikahesabiwa ni ya upande huu, na timu ya bandarini ya upande ule, na pale Mnazi Mmoja watu waliotaniana miaka mingi wakaanza kutukanana kwa mambo yasiyokuwa ya mpira. Bi Mkunga mwenyewe alikataliwa katika nyumba mbili ambazo hata mabibi wa hapo aliwazalisha yeye. Alirudi na kibeti chake, akaniambia, "Wamepata mwengine," akaenda kuchota maji.

Shaabani ikafika mwisho. Alipika kama kawaida, pilau na mkate wa kumimina, na akawaalika wale wale. Wa mtaa wetu walikuja. Wa bandarini hakuja hata mmoja, mpaka masinia yalipokuwa yanapakuliwa, ndipo Mpiga Pipa akatokea mlangoni peke yake, kanzu nyeupe, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba, baba. Umechelewa. Pita."

Barazani, mwenye duka la baiskeli la mtaa wetu akasimama, akasema kwa adabu, maana mbele ya Bi Mkunga hakuna aliyethubutu kukosa adabu, "Bi Mkunga, utuwie radhi. Huyu akikaa hapa, sisi hatuwezi kukaa."

Bi Mkunga alikuwa na upawa mkononi. Alimtazama, akawatazama na wengine. "Mimi simfukuzi mtu mwezi huu wala mwezi mwengine," alisema. "Anayetaka kukaa, chakula kipo. Anayetaka kwenda, njia anaijua."

Wakaondoka, mmoja mmoja, wanavaa makubadhi yao bila ya kutazamana. Nilisimama penye mlango wa kati na mtoto begani. Salum alikuwa wa mwisho. Ofisini walikuwa washamwambia kwamba atakayeonekana anakula na wale basi ajihesabu ni mwenzao. Aliniangalia, akamwangalia Bi Mkunga, akaweka chini tonge alilokuwa keshalishika, akatoka.

Walibaki kinyozi, mzee mmoja muuza kahawa asiyesikia vizuri, na sisi wanawake. Bi Mkunga aliwapakulia sinia moja. Walipokwisha kula akasema, "Haya. Nipeni mwaka wangu."

Kinyozi akasema hana. Mwaka huu hakuna alilolipenda. Ndipo Mpiga Pipa akasema, "Mie nnalo."

Alieleza hivi. Siku ya fainali timu yake ilipofunga, alilipiga pipa, kisha akageuka mivinjeni kumwamkia Bi Mkunga, na Bi Mkunga hayupo. Akatazama tena. Akawauliza wanawake, wakamwambia leo hajaonekana. "Miaka yote ile sijapata kumkosa," alisema. "Nikajiambia, Bi Mkunga hawezi kuikosa fainali akiwa hai. Nikavishusha vijiti. Watu wananiambia piga, nami siwezi. Nikaliacha pipa pale pale nikaja huku, hata kikombe sikukiona kikitolewa. Njia nzima nnatazama kama kuna watu wamekusanyika mlangoni."

"Ukanikuta nafanya nini?" Bi Mkunga akauliza.

"Nikakukuta uani unafua nguo za uzazi, mikono mpaka hapa iko povuni. Ukaniuliza, mangapi. Nikakwambia. Ukaniambia, basi nenda kachukueni kikombe chenu, unanitolea macho ya nini. Na ndani nikasikia mtoto analia." "Ndilo langu la mwaka huu. Nilikukuta unafua."

Hakuna aliyecheka. Bi Mkunga alifunika jungu, akasema anakwenda kuleta maji ya kunawa, akakaa nje muda mrefu kuliko haja ya maji.

Usiku sikumwambia Salum neno. Nilimwambia asubuhi, tunakunywa chai, maana mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado kuandama. Nilimwambia kwamba siku mwanawe alipozaliwa, mtu wa kwanza kupiga hodi nyumba hii na kukisikia kilio chake alikuwa yule aliyemwachia sinia. Alikwenda kazini, akarudi, hakujibu. Na mimi sikulirudia, kwa sababu nilijua kwamba hakuondoka kwa ubaya. Aliondoka kwa hofu, na hofu ya mtu mwenye mke na mtoto mchanga mimi nilikuwa sina haki ya kuicheka.

Ile ndiyo iliyokuwa vunja jungu ya mwisho. Magoti ya Bi Mkunga yaliharibika kweli, akashindwa na ngazi za watu, na mtoto wa ndugu yake akaja kumchukua kumpeleka Tunguu. Chumba cha chini akaingia mtu mwengine. Mpira uliendelea kuchezwa, lakini mimi sikwenda tena kusimama pale mivinjeni.

Karibu miaka miwili ilipita. Siku moja ya Jumapili Salum akavaa kanzu, akasema, "Jitayarisheni. Tunakwenda Tunguu." Sikumuuliza kulikoni. Tulipanda gari la shamba pale Darajani, na njia nzima alikuwa ameshika mfuko wa halua mapajani kwa mikono miwili.

Tulimkuta Bi Mkunga amekaa barazani kwa mpwa wake, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, amekonda. Alimwita mwanangu, akamwambia atembee kwenda na kurudi, akatazama nyayo zake, akaridhika. Mimi sasa aliniita Mama Zuwena. Tukaletewa muhogo wa nazi na samaki. Salum alikula. Alikula kila kilichowekwa mbele yake, na alipoongezewa hakukataa.

Tulipokwisha kunawa, Bi Mkunga akasema, "Haya, nani anacheza siku hizi? Huku hawaniambii kitu."

Salum akaanza kumwelezea mechi moja, kwa ukarani wake, kama anayesoma hesabu. Bi Mkunga akamkatiza, anataka kujua jua lilikuwa wapi, nani alisimama wapi, yule mwembamba bado anakimbia. Kidogo kidogo Salum akachangamka. Akasimama uani, akavua makubadhi, akamwonyesha jinsi mpira ulivyotoka kona, jinsi beki alivyoteleza, na winga alivyoudaka kwa kifua. Mtoto wangu akamtazama baba yake kama mtu asiyemjua.

Hapo akasita. Akasimama na mguu mmoja mbele, macho chini.

"Bi Mkunga," akasema, "mwaka ule, ile siku ya vunja jungu, mimi—"

"Ulikuwa umefika kwenye kifua," Bi Mkunga akasema. "Mpira umeshuka. Akaupiga kwa mguu upi?"

Salum akaurudisha mguu nyuma. Mimi nilitazama pembeni.

"Wa kushoto," akasema.

"Eeh," Bi Mkunga akasema, akajisogeza mbele kwenye mkeka. "Halafu?"

Na Salum akaendelea.